Kakao ya Ng'ambo ya Kijito

Ninyi mnaoanza kazi ya kakao, nimewaona mkipita hapa Shasha na mabegi yenu mapya, mkizunguka kwa upande wa Bukavu ili mfike Walikale, kwa kuwa njia ya Masisi siku hizi ni ya kubahatisha. Koperativi iliniomba nije niwaambie mawili matatu. Magoti yangu yalikataa. Kwa hiyo nawaandikia, na mnisamehe nikiruka kutoka huku kwenda kule, maana miaka mingi ya kutembea msituni haikai kichwani kwa mstari.

Kwanza mjue mimi ni mtu wa Karuba. Makosa yangu makubwa yote yalitoka huko. Kwetu milimani shamba zuri ni shamba safi. Viazi kwenye mistari, maharage kwenye mistari, na ukisimama mlangoni kwa mama yangu unamwona ng'ombe wa jirani kwenye kilima cha pili na unaweza kusema anachechemea mguu upi. Mwanamke aliyeacha majani shambani alisemwa kanisani kabla hata ibada haijaanza. Nilikulia hapo, nikasomea kilimo, nikapewa karatasi yangu, na siku waliponiambia nishuke Walikale kufundisha watu kakao, sikuwa nimewahi kugusa mkakao hata mmoja. Nilikuwa nimeuona kwenye fotokopi. Ilikuwa fotokopi ya fotokopi, nyeusi kama masizi.

Kijiji nilichopangiwa kilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Walikale mjini. Mtu wa kwanza kunipokea alikuwa Papa Musombwa, mkulima wa makamo, mrefu, mwenye kofia ya majani aliyoisuka mwenyewe. Alinipeleka shambani mwake siku hiyohiyo. Nilivyoingia chini ya ile miti nilitazama juu. Karuba mbingu ni kubwa na miti ni michache; hapa miti ilikuwa imekula mbingu yote, na mwanga ulifika chini ukiwa umechoka. Nilisikia maji yakidondoka ingawa mvua haikunyesha.

Nikaukaribia mkakao wa kwanza, nikaona vitu vyeupe, vidogo kuliko ukucha, vimeota moja kwa moja kwenye shina, mahali pasipo na tawi wala jani. Nikamwambia Papa Musombwa kwa sauti ya mtaalamu, "Huu mti unaumwa."

Aliutazama mti, akanitazama mimi. "Mama agronomu," akasema taratibu, kama mtu asiyetaka kumuaibisha mgeni, "ile njo maua yake."

Wenzangu, mimi nilizoea maua yanayokaa nchani, kwenye tawi, kama ua lenye adabu. Mti unaotoa maua kwenye mwili wake, na baadaye tunda zito kama kichwa cha mtoto likining'inia pale pale! Nilisimama nikiushika kama anayeshika mkono wa mgonjwa. Hata leo, baada ya kuona maelfu, nikiona ua la kakao kwenye shina bado napunguza mwendo.

Sasa niwaambie juu ya Mama Kahindo, maana bila yeye mngekuwa mnafundishwa na mtu mwingine. Alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, Mkatoliki wa kila Jumapili, mwenye depo pale Walikale na lori moja ambalo alilisema vibaya zaidi kuliko alivyomsema mtu yeyote. Kakao yote ya kijiji chetu ilipita mikononi mwake. Aliniona nimebeba daftari langu, akasema, "Kitabu weka kule. Leta pua."

Alinifundisha kunusa. Kakao iliyokaushwa juu ya moto wa kuni inanuka moshi na haitoki tena, hata ufanye nini. Iliyoanikwa kando ya barabara inanuka mazutu, yaani dizeli ya malori. Kuna mtu mmoja alirudishiwa gunia lake kwa sababu Mama Kahindo alisema mbuzi amelala chumba kimoja nalo, na mtu yule akakiri mbele ya watu wote kwamba mbuzi ni kweli, ila alilala siku mbili tu. Alinifundisha kupasua mbegu kwa kisu: ikiwa ndani ni ya zambarau na imeshikana kama mpira, mwenyewe ana haraka, hakuivundika siku za kutosha. Ikiwa ya kahawia na ina mifereji kama ubongo mdogo wa kuku, hiyo ni kazi ya mtu mwenye subira.

Siku moja alinipeleka kwenye sanduku la mbao ambamo mbegu mbichi zilikuwa zimefunikwa kwa majani ya ndizi, siku ya tatu. "Ingiza mukono."

Niliingiza mpaka kiwikoni, nikautoa mbio. Kulikuwa na joto kali, na harufu ya siki ilinipanda mpaka machoni.

"Nani amewasha moto chini?"

"Hakuna moto. Ile njo vintu hatuone, viko vinatumika kazi." Akafanya ishara ya msalaba, akafunika tena. "Mimi niko na miaka mingi mu hii kazi. Kila mara naingiza mukono, kila mara nashangaa."

Nilijifunza vizuri kwenye mbegu. Kwenye shamba ndiko nilikoharibu.

Sikilizeni. Nilipoona mashamba ya kijiji kile, miguuni majani makavu yamelundikana, migomba ya zamani imelala ikioza, juu miti mikubwa imefunika kila kitu, moyo wangu wa Karuba ulisikia aibu. Niliita wakulima. Niliwaambia wafagie majani, wachome vigogo vya migomba, na wakate ile miti mikubwa ili jua liingie. Niliwaonyesha mimi mwenyewe kushika panga. Papa Musombwa alinifuata kuliko wengine wote. Alinipenda, na aliamini karatasi yangu. Baada ya miezi michache shamba lake lilikuwa safi mpaka ungeweza kuandaa harusi pale. Nilijivuna sana.

Mmoja tu alikataa. Jirani yake, Mama Mwayuma, mjane, mkali, mwenye kiko mdomoni kisicho na tumbaku. Nilipomwambia afagie aliniuliza, "Juu ya nini?"

"Juu ya usafi, Mama."

"Hapa siyo kanisa, weye. Iyache majani yangu."

Nikaandika kwenye ripoti kwamba ni mkulima mgumu kuelewa.

Msimu ule miti ya Papa Musombwa ilitoa maua mengi ajabu, mpaka mashina yalionekana kama yamenyunyiziwa maziwa. Tukafurahi. Maua yakakaa kidogo, yakadondoka. Matunda hayakushika. Tulihesabu machache mno, na yenyewe madogo. Msimu wa pili vilevile. Na nyuma ya uzio wa Mama Mwayuma, kwenye ule uchafu wake wote, matunda yalikuwa yamebanana kwenye shina mpaka mengine yamekosa nafasi ya kunenepa.

Nilikwenda kwake asubuhi, nikajinyenyekeza. Nikamwomba niketi tu shambani mwake nitazame. Akanivutia kigogo cha mgomba kilichooza. "Kaa pale. Usivunje-vunje."

Niliketi siku ya kwanza sikuona kitu. Siku ya pili pia. Siku ya tatu nilipiga magoti, uso karibu kabisa na ua moja lililofunguka alfajiri hiyo, nikazuia pumzi. Kikaja kitu. Kwanza nilidhani ni vumbi. Kilikuwa kainzi, kadogo kuliko punje ya chumvi, kenye mabawa ambayo niliyaona kwa sababu tu jua lilipita ndani yake. Kakaingia kwenye ua, mle ndani ambamo nyuki asingeweza kuingiza hata mguu. Kakazunguka. Kakatoka na unga mweupe mgongoni. Kakaenda ua jingine.

"Mama Mwayuma," nikanong'ona, "hii inatoka wapi?"

Hata hakugeuka. Alipindua kwa kidole jani lililooza miguuni pangu, na pale penye unyevu kulikuwa na wengi. "Inazaliwa hapa. Inakaa hapa. Weye ulitaka nifagie."

Nilibaki nimepiga magoti. Fikirini: chokoleti yote inayoliwa duniani, kwenye harusi zao, kwenye sikukuu zao, inategemea kiumbe ambacho nikikohoa nakipeperusha. Na mimi misimu miwili mizima nilikuwa napita na ufagio nikibomoa nyumba zake.

Nililia pale, siwafichi. Mama Mwayuma akauliza, "Uko unalia juu ya nini? Kainzi haijafa." Lakini kainzi za jirani yake zilikuwa zimekufa, na alijua.

Majani yanaweza kurudi. Mti mkubwa haurudi. Papa Musombwa alikuwa amekata saba kwa maneno yangu, na kiangazi kilichofuata jua liliichoma mikakao mpaka magome yakapasuka. Nusu ya shamba ilikauka. Nilikwenda kumwambia ukweli niliougundua. Alinisikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi.

"Sasa, Mama, nifanye nini?"

Nikamjibu, "Subiri, Papa. Tutapanda kivuli, kitakua."

Wapenzi wangu, msije mkamwambia subiri mtu mwenye watoto shuleni, halafu mgeuke mwende zenu. Mimi niligeuka. Nilihamishiwa vijiji vingine kwa miaka, nikabeba aibu yangu kimyakimya, na sikurudi kumuuliza anaishije.

Nilirudi kwa sababu ya mashini ya kuchora mashamba. Mnaijua hali: wanunuzi wa ng'ambo sasa hawataki kakao tu, wanataka kujua imetoka shamba lipi, na kwamba msitu haukukatwa juzi ili shamba lile lipatikane. Wanatazama kutoka angani. Mama Kahindo, ambaye nywele zake zilikuwa zimeshakuwa nyeupe, alipata mnunuzi wa aina hiyo kwa ajili ya kijiji chetu chote, lakini kwa sharti: kila shamba litembelewe, lizungukwe kwa miguu na kifaa cha kuchora mipaka, na shamba moja tu la udanganyifu likionekana, kakao ya wote inakataliwa. Akaniomba mimi.

Kazi ile ina ujanja wake. Chini ya miti minene kifaa kinapotea, kwa hiyo usikimbie. Simama kila kona mpaka kitulie. Tembea na mwenye shamba na jirani yake pamoja, usitembee na mmoja, la sivyo utachora ugomvi. Na vaa suruali uiingize kwenye soksi. Shamba langu la kwanza niliingia kwenye siafu, nikakimbia nikizunguka na kupiga kelele, kifaa kikiwa mkononi kinarekodi. Mama Kahindo alipoona mchoro aliuinua kwenye dirisha. "Hii shamba iko na mukia?"

Zamu ya Papa Musombwa ilipofika sikulala vizuri. Alikuwa amezeeka, lakini kofia ilikuwa ya aina ileile. Hakunisema kwa lolote. Tulizunguka shamba lake la zamani, mimi, yeye na Mama Mwayuma. Lilikuwa na mapengo kama mdomo wa mzee. Tulipofika chini, kwenye kijito kilichokuwa mpaka wake, niliinua macho. Ng'ambo ilipaswa kuwa giza la msitu. Niliona mwanga.

"Turudi, Mama," Papa Musombwa akasema haraka. "Shamba linaishia hapa."

Nilivuka. Maji yalinifika magotini.

Sijui nilidhani nitaona nini. Niliona majivu, na magogo meusi yamelala kila upande, na katikati mikakao michanga inayofika magotini, imepandwa kwa mistari iliyonyooka, hatua tatu kati ya mmoja na mwingine, chini pamefagiliwa. Kila kitu jinsi nilivyomfundisha. Hakuwa amesahau neno.

Kulikuwa na kisiki kimoja. Nilipanda juu yake, nikalala chali, nikanyoosha mikono na miguu. Sikufika ukingoni kokote. Nikiwa nimelala pale nilitazama juu, kwenye tundu la mbingu ambalo mti ule ulikuwa umelijaza, na nikajaribu kufikiri ulianza kukua nani akiwa hai. Akili yangu haikufika. Mkulima aliyeutazama akiwa mtoto angeukuta mkubwa tayari, na babu yake vilevile.

Papa Musombwa alikuwa amesimama pembeni. "Nilikata kwa siku sita," akasema. "Ulipoanguka, ndege zililia mupaka jioni. Watoto wangu walikataa kula." Kisha akashusha sauti. "Mama, hii fasi hauikuona. Funga ile kamashini."

Niliifunga.

Nasema wazi ili msije mkadhani ninawahubiria nikiwa safi. Niliifunga, nikavuka kijito, nikarudi mjini, na kwa wiki nzima sikupeleka mchoro. Nilijiambia namlipa kwa yale niliyomfanyia. Mama Mwayuma aliyekuwa upande wa pili wa maji alikuwa ameona yote. Alinitazama tu hadi nikaangalia chini.

Mama Kahindo aliniita depo. Alikuwa anapasua mbegu. "Uliona nini kwa Musombwa?"

Nikamwambia.

Kisu kilisimama. Nilidhani atamtukana Papa Musombwa. Akanigeukia mimi. "Nani alimutuma kule?"

"Alienda mwenyewe, Mama."

"Hapana. Shamba yake ilikufa juu ya nani?" Akaweka kisu chini. "Bale ba kule mbali bataona ile kitobo kutoka juu. Kijiji muzima itakosa. Mama Mwayuma atakosa, na yeye hakukata hata muti moya. Weye utasema. Utasema mbele ya bantu, na utaanza na jina yako, siyo na jina ya Musombwa."

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule ya msingi. Watu wazima walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Nilisimama mbele penye ubao. Nilisema kwamba kuna shamba ng'ambo ya kijito, msitu umekatwa, na mimi niliona na nikaficha. Kelele zikaanza, vichwa vikamgeukia Papa Musombwa, mtu mmoja akapiga kelele kwamba afukuzwe. Nikapaza sauti nikasema wasubiri, sijamaliza. Nikasema ni mimi niliyemwambia akate miti yake ya kivuli. Ni mimi niliyemwambia afagie. Nikaeleza ya kainzi, mbele ya watu wengine ambao nao niliwafundisha kufagia na waliodhani miti yao imelogwa. Nikasema alikwenda ng'ambo kwa sababu mtaalamu alimuulia shamba kisha akamwambia asubiri.

Papa Musombwa akainuka.

"Miaka yote minafikiri ni mimi sikufanya muzuri," akasema. "Ulikuya kuniambia siku moja, halafu ukaenda. Nilisema labda Mama ananihurumia tu, kosa ni yangu. Na sasa munasema niache ile ya ng'ambo. Mugongo niliutumia kule, nani ataurudisha?"

Nawaomba, siku mkiulizwa swali kama lile msitengeneze jibu la haraka.

Mama Mwayuma ndiye aliyesimama, akatoa kiko mdomoni. "Kwangu iko miche ya miti mirefu, inaota yenyewe chini, niko naing'oa kila siku. Musombwa akuye atwae. Majani ya kuoza pia atwae. Na bile vigogo vya migomba." Akawatazama wanaume. "Mutamubebea. Kama munataka kuuza yenu, mutamubebea."

Papa Musombwa aliondoka. Siku tatu hakuonekana. Siku ya nne asubuhi alikuja mlangoni nilikofikia, akakataa kiti.

"Andika," akasema. "Ile ya ng'ambo iko inje. Sitavuna kule. Lakini usiandike Musombwa alikata. Andika tulikata."

Niliandika hivyo. Karatasi zile zina nafasi ya maelezo ambayo watu huiacha tupu. Mimi niliijaza mpaka pembeni. Sijui kule mbali walielewa nini, lakini walikubali kijiji, na shamba la ng'ambo likawekwa alama ya kuachwa.

Kisha kikafuata kitu ambacho wapita njia walisimama kukitazama: mstari wa watu wazima, vikapu mgongoni vimefungwa kwa kamba inayopita kwenye paji la uso, wamebeba uchafu. Majani yaliyooza, vipande vya migomba vinavyochuruzika, kutoka shamba moja kwenda jingine, na wanamwaga kwa utaratibu kabisa chini ya miti. Mfanyabiashara mmoja aliyepita na pikipiki aliuliza kama kuna aliyefariki. Mimi nilibeba pia. Maji ya mgomba yaliingia mpaka kwenye mfupa wa mgongo. Mama Mwayuma alisimama njiani akituambia tusitikise sana, wadudu watapata kizunguzungu.

Msimu mmoja ulipita bila kitu. Wa pili, Papa Musombwa alinitumia ujumbe kwa dereva wa Mama Kahindo: kuna matunda kumi na moja kwenye mti mmoja. Matunda kumi na moja! Nilikwenda. Nilimkuta amekaa mbele ya mti huo na hakutaka kutoka, kama mtu aliyeletewa mgeni kutoka mbali. Hakusema kwamba amenisamehe. Alisogea kidogo kwenye gogo ili nikae.

Mtaniuliza juu ya chokoleti yenyewe. Mnunuzi alituma kartoni moja kama zawadi. Ilifika imeyeyuka ikawa uji, tukaila kwa vijiko darasani, Mama Kahindo akinusa kila kijiko kabla ya kukipitisha. Papa Musombwa alionja, akafikiri. "Sukari imezidi," akasema, na akaomba kijiko kingine.

Wiki niliyokwenda kuwaaga kabla ya kustaafu, nilimwomba Papa Musombwa tuvuke kijito. Hakuwa ameenda ng'ambo tangu siku ya mkutano. Alisema macho yangemuuma. Tulivuka tukishikana mikono kama wazee tulivyo. Sikupatambua. Miti ile laini yenye majani kama mwavuli ilikuwa imetupita mara tatu kwa urefu, kamba za msituni zimefunga kila kitu, na kisiki nilichokilalia kilikuwa kimevaa kuvu na miche mpaka kikaonekana kilima. Chini ya kivuli hicho mikakao yake michache ilikuwa hai. Hakuna aliyeipalilia, hakuna aliyeifagilia. Na ilikuwa imezaa.

Lakini maganda mengi yalikuwa chini, yamefunguliwa, matupu.

"Kuna mwizi, Papa," nikasema.

Alinishika mkono. "Nyamaza. Tazama juu."

Sokomutu, yaani sokwe. Jike, amekaa kwenye panda la mti, mtoto amemng'ang'ania tumboni. Mkononi alishika tunda la kakao lililopasuliwa katikati vizuri kuliko ninavyopasua mimi. Alitoa mbegu moja kwa vidole, akaifyonza ule utelezi wake mtamu, macho amefumba nusu. Nyuma yake majani yalitikisika, walikuwepo wengine. Alituona. Alitutazama muda mrefu, namna mwenye nyumba anavyowatazama wageni ambao hakuwaita, kisha akaendelea kula.

Miaka yote msituni nilikuwa nimesikia sauti zao kwa mbali tu. Nilimwangalia Papa Musombwa, maana ile ilikuwa kakao yake, jasho lake, zile siku sita za kukata mti na mgongo ambao hakuna aliyemrudishia. Alikuwa amevua kofia.

"Wacha bakule," akanong'ona. "Wacha bakule tu."

Yule mama akatema mbegu. Ilimwangukia Papa Musombwa begani, mbichi, inang'aa mate, ikabaki pale. Hakuipangusa.